Je, Yafaa Kujitibu kwa Sumu?

Baada ya darsa yetu ya usiku wa kuamkia Ijumaa alitujia kijana mmoja, akangoja mpaka watu wakapungua, kisha akatuuliza suali ambalo twaona si lake peke yake. Mamake ameonekana ana saratani ya mlango wa uzazi. Madaktari wamesema kuwa ugonjwa haujaenea mbali, na kwamba atatibiwa kwa miale pamoja na dawa ya kutiwa mshipani mara moja kila juma. Kijana akauliza ile dawa ni ya nini, akaambiwa bila ya kufichwa kuwa asili yake ni madini ya platini, na kuwa ni dawa kali yenye madhara. Aliporudi nyumbani akamhadithia jirani yao, mzee wa heshima, mwenye kusali safu ya mbele. Mzee akamwambia: "Mwanangu, hiyo si dawa, hiyo ni sumu. Dini yetu yatukataza kujitia wenyewe katika maangamizo. Mpe mama yako asali na habbasoda, na umri u mikononi mwa Mungu." Tangu siku hiyo kijana hana usingizi. Akimpeleka mamake hospitali aona kana kwamba ampeleka kutiwa sumu. Asipompeleka aona kana kwamba amemwacha afe.

Hatukumjibu usiku ule ila kwa kumtuliza, kwani jawabu la haraka katika jambo la roho ya mtu ni dhulma. Sasa tumelitazama suali lake, na twaliandika hapa kwa kuwa tumesikia mfano wake katika mitaa mingi. Hatukukusudia kuingilia kazi ya daktari, kwani mgonjwa hatibiwi kwa kalamu. Tulilolikusudia ni kuutazama mzizi wa maneno ya yule mzee. Je, kitu kilicho sumu chaweza kuwa dawa? Na je, mtu aruhusiwa kukubali madhara aliyo na yakini nayo, kwa kutaraji manufaa asiyo na yakini nayo?

Kwanza yatupasa kumfanyia mzee insafu. Maneno yake si ya upuuzi. Watu tangu zamani wajua kuwa risasi, zebaki na aseniki huua. Na dawa hii kweli hudhuru: hutapisha, huumiza figo, hupunguza usikivu wa masikio, na hutia ganzi vidoleni. Mwenye kusema kuwa haina madhara ni mwongo, na daktari mwenyewe hakusema hivyo. Basi kosa la mzee, ikiwa lipo, haliko katika khabari aliyoitoa. Liko katika hukumu aliyoijenga juu ya khabari hiyo. Nasi hatuwezi kuipima hukumu yake mpaka tuijue dawa yenyewe, ilivyopatikana na inavyofanya kazi.

Dawa hiyo huitwa sisplatini. Chumvi yake ya rangi ya manjano ilitengenezwa kwanza na mkemia wa Kitaliani, Michele Peyrone, katikati ya miaka ya 1840, naye hakujua kuwa ina faida yoyote kwa mgonjwa. Mwaka 1893 Alfred Werner, mtaalamu aliyefundisha Uswisi, alieleza namna sehemu za chumvi kama hizo zinavyopangika, na kwa elimu yake ya mipangilio hiyo alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1913. Walakini hata baada ya hapo dawa ilikaa katika chupa za makemia bila ya mtu kujua kuwa ni dawa, hata ikatimia kiasi cha miaka 120 tangu kutengenezwa.

Aliyeifunua hakuwa tabibu. Alikuwa mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, jina lake Barnett Rosenberg. Yeye alikuwa ameona kuwa umbo la seli inapogawika lafanana na mistari ya nguvu inayozunguka sumaku, akataka kujua kama umeme waweza kugusa ule mgawiko. Akachukua vijidudu vya namna vinavyokaa matumboni, akavitia katika maji yenye chakula chao, akapitisha umeme kwa vipande viwili vya platini. Alichagua platini kwa sababu ilidhaniwa kuwa ni madini tulivu, yasiyochanganyika na chochote. Alilolikuta lilimshangaza. Vijidudu viliacha kugawika, lakini havikuacha kukua. Vikarefuka kama nyuzi, vingine hata kufikia mara 300 ya urefu wao.

Mtu mvivu angalisema, "Umeme umefanya kazi," akaandika na kupumzika. Rosenberg na wenziwe hawakuridhika. Walitafuta sababu kwa muda wa kiasi cha miaka miwili, wakagundua kuwa umeme hauna hatia. Zile platini zilizodhaniwa tulivu zilikuwa zikimomonyoka kidogo kidogo na kuungana na chumvi na amonia zilizokuwamo majini, na huo mchanganyiko ndio uliozuia mgawiko. Wakaitangaza khabari hiyo mwaka 1965. Ndipo likaja suali lililokuwa likingoja: ikiwa chazuia seli kugawika, na saratani ni seli zinazogawika bila ya mpaka, je, hakitaizuia saratani? Wakakijaribu kwa panya wenye uvimbe, uvimbe ukayeyuka, nao wakatangaza mwaka 1969. Baada ya hapo wakaanza kutibiwa watu, na mwaka 1978 serikali ya Marekani ikairuhusu dawa hiyo kutumika.

Wasomaji wetu huenda wakauliza: haya yana uhusiano gani na dini? Yana uhusiano mkubwa, kwani hapa ndipo panapoonekana jambo la kwanza ambalo mzee wetu hakulitazama. Molekuli ya sisplatini ina atomi moja ya platini katikati, atomi mbili za klorini, na amonia mbili. Klorini zote mbili zimekaa upande mmoja, bega kwa bega. Kiko kitu kingine chenye platini ile ile, klorini zile zile mbili, na amonia zile zile mbili, uzito wao sawasawa. Ila klorini zake zimekaa pande zinazokabiliana. Hicho cha pili hakikufaa kwa kutibu saratani. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua; kilichogeuka ni mpango tu. Wanafunzi wetu wa Kiarabu wajua kuwa neno la elimu na neno la amali huandikwa kwa harufi tatu zile zile, na kwamba kinachozitenga maana zao ni harufi gani imetangulia. Basi mwenye kusema "hayo ni madini, kwa hiyo ni sumu" ni kama mwenye kuziona harufi akadhani amelisoma neno.

Na kazi yake ni hivi. Damu yetu ina chumvi nyingi, na chumvi hiyo huzizuia zile klorini zisibanduke, kwa hiyo dawa husafiri ikiwa imefungwa mikono. Ikisha kuingia ndani ya seli, ambamo chumvi ya namna hiyo ni chache, klorini hubanduka, maji yakashika mahali pake, na platini ikawa na mikono mitupu ya kushikia. Hapo huukamata ule uzi wa urithi ambao seli huunakili kila inapotaka kugawika. Uzi hupindika, unakili ukakwama, na seli ikishindwa kuutengeneza hufa. Seli za saratani, kwa kuwa hazipumziki katika kugawika, hupatwa zaidi. Lakini dawa haina macho. Huzipata na seli njema pia, na kwa sababu hiyo yapo yale madhara.

Jambo hili si geni kwa wazee wetu katika elimu. Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa aliyefariki karibu na mwaka 925, aliandika kwamba alimnywesha zebaki nyani wake, asione kwake ila maumivu ya tumbo. Lakini akatahadharisha kuwa zebaki ile ile ikisha kugeuzwa kwa moto ni yenye kudhuru vikali. Tazama, ndugu msomaji, adabu ya elimu. Hakusema zebaki ni nzuri wala zebaki ni mbaya. Alisema: kwa sura hii hufanya hivi, na kwa sura ile hufanya vile, na hakusema mpaka alipojaribu. Imam al-Ghazali naye, aliyefariki mwaka 1111, alipotaka kueleza nani aruhusiwe kuvisoma vitabu vyenye haki na batili pamoja, alitoa mfano wa fundi wa nyoka, ambaye hutoa katika nyoka dawa ya kutibia sumu, wala haifai kumnyima dawa hiyo mwenye haja nayo. Lakini fundi huyo huyo hamshiki nyoka mbele ya mwanawe mdogo, asije akamwiga. Nyoka ni yule yule, na mikono ndiyo mbalimbali.

Wala platini si peke yake. Mwaka 1910 ilitoka dawa ya kaswende iliyotengenezwa na Paul Ehrlich kutokana na aseniki, nayo ikatibu ugonjwa ambao kabla yake haukuwa na dawa ya kutegemewa. Katika miaka ya 1970 matabibu wa Harbin, Uchina, waliichunguza dawa ya kienyeji yenye aseniki, wakaitenga sehemu iliyofanya kazi, wakaona yaponya namna moja ya saratani ya damu iliyokuwa ikiua kwa siku chache. Mwaka 2000 Marekani nayo ikaikubali. Leo wagonjwa wengi wa namna hiyo hupona. Hii ndiyo aseniki ambayo katika tarikh iliwaua watu wengi kwa mkono wa mahasidi wao. Ni kitu kimoja. Mkono mmoja umekifanya silaha ya khiyana, na mkono mwingine umekifanya sababu ya uhai.

Basi jawabu la suali la kwanza limedhihiri. Usumu na udawa si sifa ziliomo ndani ya kitu chenyewe kama weupe ulivyomo katika maziwa. Ni hukumu inayotegemea sura ya kitu, kadiri yake, mwili unaokipokea, na elimu ya anayekitoa. Maji matamu tuyanywayo humuua mwenye kuzama. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Kitabu chake kuwa kila kitu amekiumba kwa kipimo, na kuwa ameiweka mizani ili sisi tusiidhulumu. Sisi tumezoea kuisoma mizani hiyo kuwa ni ya dukani, ya mchele na sukari. Lakini yule anayepima dawa ya mshipani naye yuko mbele ya mizani hiyo hiyo, na akizidisha au akipunguza kwa uvivu, amepunja katika kitu kilicho aziz kuliko mchele.

Na katika tarikh ya dawa hii mna ushahidi wa jambo hilo. Ilipoanza kutiwa watu, iliwadhuru figo hata ikakaribia kuachwa kabisa, pamoja na kuwa uvimbe wao ulipungua. Kilichoiokoa hakikuwa dawa nyingine ya ajabu. Yalikuwa maji. Madaktari waligundua katika miaka ya 1970 kuwa mgonjwa akijazwa maji ya chumvi mshipani kabla ya dawa na baada yake, na akasaidiwa kukojoa sana, figo husalimika kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mama wa kijana wetu akikalishwa masaa mengi akitiwa maji, asidhani kuwa wauguzi wampotezea wakati. Na akitolewa damu kupimwa figo kabla ya kila dawa, asidhani kuwa wamnyonya. Kupimwa huko ndiko kunakotenga baina ya kutibiwa na kutiwa sumu.

Sasa tuje kwenye suali la pili, ambalo ndilo zito zaidi. Madhara ya dawa hii ni ya yakini au karibu na yakini, na kupona ni kwa kutaraji. Je, yafaa kununua tarajio kwa maumivu?

Twasema: maisha yote ya wenye akili hujengwa juu ya dhana yenye nguvu, si juu ya yakini. Mkulima huitupa ardhini mbegu ambayo angaliweza kuila, naye hana hati ya mvua. Nahodha wa jahazi akipatwa na tufani, na chombo kikaanza kulemewa, hutosa shehena baharini ili roho za watu zisalimike. Wanavyuoni wa sharia wameijadili mas-ala hii tangu zamani, wala hawakumwita nahodha huyo mharibifu wa mali. Hasara ya shehena ni yakini, na kusalimika ni tarajio. Walakini ametenda lililompasa, kwani ameyachukua madhara mepesi ili kuyakimbia mazito. Na lau angalizitosa gunia hizo siku ya shwari, kwa mchezo, angalilipa. Tendo ni lile lile. Kwa hiyo aya ya kukataza kujiangamiza haimhusu mtu anayeukimbia uangamivu, yamhusu anayeuendea. Na saratani iliyoachwa ndiyo uangamivu wenyewe.

Lakini tarajio nalo lapaswa kupimwa, lisiwe ndoto. Katika ugonjwa wa mama huyu limepimwa. Mwezi wa Februari 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatangazia madaktari, baada ya majaribio makubwa matano, kwamba kuitia dawa hii pamoja na miale hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 30 mpaka 50. Na katika saratani ya makende iliyoenea mwilini, ambayo zamani wachache sana waliponea, Dakta Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana alianza mwaka 1974 kuichanganya dawa hii na nyingine mbili. Leo kiasi cha wanane kati ya kumi hupona. Hii ni dhana yenye nguvu. Mwenye kuiacha akashika neno la mtaani ameacha mizani akapima kwa macho.

Ama asali na habbasoda, sisi twaamini yaliyopokewa juu ya manufaa yake, wala hatumkatazi mgonjwa kuvitumia, ila amwambie daktari kila anachokitumia. Lakini Mtume (s.a.w.) aliyetusifia asali ndiye aliyetufundisha kuwa kila ugonjwa una dawa yake, akatuhimiza tujitibu. Ikiwa kila ugonjwa una dawa yake, basi kazi ya mwenye imani ni kuitafuta dawa ya ugonjwa huu, si kukitwika kitu kimoja magonjwa yote. Na Mtume (s.a.w.) alifundisha pia kuwa mwenye kujitia katika utabibu bila ya kujulikana kuwa na elimu yake ana dhamana ya atakalolidhuru. Tungependa hadithi hiyo isomwe katika kila mtaa ambamo watu huuza chupa za "dawa safi isiyo na kemikali" kwa wagonjwa wa saratani, wakiwala fedha zao na miezi yao. Fedha hurudi, na miezi hairudi. Anayempoteza mgonjwa njia mpaka ugonjwa ukapita mpaka wa kutibika asidhani kuwa hana dhamana kwa sababu alichokiuza kilikuwa kitamu.

Na liko neno jingine linalosemwa kwa siri: kwamba hii ni elimu ya wasio Waislamu. Neno hili twalisikitikia kwa sababu mbili. Ya kwanza, elimu haina kabila; hao walipotafsiri vitabu vya al-Razi na kuvifundisha katika vyuo vyao kwa karne nyingi hawakuuliza alisali wapi. Ya pili, miongoni mwetu wako waliogeuka upande wa pili, wakisikia madini yametibu husema, "Haya yote yamo katika Surat al-Hadid, sisi twayajua zamani." Ndugu zangu, kweli Mungu ametutajia kuwa katika chuma mna nguvu na manufaa kwa watu. Lakini kutajiwa manufaa ni kuitwa kazini. Hatukupewa aya hiyo ili tujigambe kwa kazi waliyoifanya wengine. Lau ingalitosha kusoma, platini isingalikaa chupani miaka 120. Vijana wetu wangapi hufundishwa kemia kwa bidii ile ile wanayofundishwa kuwania vyeo? Rosenberg hakuwa akitafuta dawa ya saratani. Watu husema alipata bahati. Sisi twasema ni kadari, lakini kadari ilimkuta akiuliza "kwa nini", na haikumkuta amelala.

Tumebakiwa na jambo moja, na hili ndilo tulilomwambia kijana kwa ukali kidogo, naye atusamehe. Tulipomwuliza, "Mama yako amesemaje?" alinyamaza, kisha akasema kuwa mama hajaambiwa. Wamemwambia kuwa ana uvimbe mdogo. Wameona haya kumtajia ugonjwa wa sehemu hiyo, na wamechelea kumvunja moyo. Hivyo basi wamekaa wanaume watatu, kijana na ami yake na jirani, wakijadiliana kama mama atiwe platini au anyweshe asali, na mwenye mwili hajui.

Turudi kwenye mfano wa jahazi. Shehena ina mwenyewe. Ikiwa mwenyewe yuko chomboni, ana akili zake na asikia, basi adabu na haki ni kuulizwa. Mwili wa mama huyu ni amana aliyopewa yeye na Mola wake, si amana waliyopewa wanawe. Yeye ndiye atakayetapika, yeye ndiye atakayehofia figo na masikio yake, na yeye ndiye mwenye hesabu baina yake na Mungu. Tena wanavyuoni wengi hawakufanya kujitibu kuwa faradhi katika kila hali, na imepokewa kuwa mwanamke mmoja aliyekuwa na kifafa alikhiyarishwa na Mtume (s.a.w.) baina ya kuombewa afya na kusubiri, akakhiyari kusubiri, wala hakulaumiwa. Lakini tazama alivyokhiyari: alikuwa ameambiwa. Mgonjwa aliyejua, akapima, kisha akakataa, huyo haingii katika lawama yetu. Mgonjwa aliyekataliwa na wengine, au aliyetishwa kwa nusu ya khabari, huyo amedhulumiwa, hata akiwa waliomdhulumu ni wenye kumpenda.

Na hapa ndipo kosa la mzee jirani na kosa la kijana hukutana. Mzee alitoa nusu ya khabari, ile ya sumu. Kijana alificha khabari yote. Wote wawili waliogopa kwa ajili ya mama, na hakuna kati yao aliyemwamini kuwa aweza kuubeba ukweli wake mwenyewe. Mwanamke aliyezaa, akazika, akalea mayatima wa ndugu yake, amehukumiwa kuwa hawezi kusikia jina la ugonjwa wake.

Kijana alikwenda. Juma lililofuata alirudi akatuambia kuwa amemweleza mamake, na dada yake mkubwa alikuwapo. Mama alilia, kisha akauliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini walimficha. La pili, kama dawa hiyo itamzuia kusikia adhana. Suali hilo la pili alilipeleka kwa daktari, akajibiwa kwa utaratibu: kuwa usikivu waweza kupungua, kuwa hatari huzidi kwa kadiri ya dawa, kuwa watampima masikio, na kuwa ikionekana dalili mbaya yako madawa mengine, kama vile karboplatini, yenye platini pia, ambayo ni nafuu zaidi kwa masikio na figo ingawa hupunguza nguvu za damu. Akafikiri siku mbili, akasali, akakubali. Ameanza matibabu. Matokeo yake hatuyajui, na ilmu yake iko kwa Mungu. Lakini kauli ilikuwa yake.

Mzee jirani naye tumemzuru, kwani si haki kumtaja mtu hapa bila ya kumsemesha. Tulimsomea haya. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema bado moyo wake hauipendi dawa ya madini. Tukamwambia hapana ubaya, moyo haulazimishwi. Tulilomwomba ni kuwa akiulizwa tena na jirani yeyote, aseme khabari yote, au aseme, "Mwulizeni mwenye kujua." Akakubali, na juzi yeye ndiye aliyetoa gari lake kumpeleka mama hospitali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye mama huyu na wagonjwa wote, awape matabibu wetu elimu na amana, na atupe sisi ulimi usiosema ila kwa kipimo. Wabillahi tawfiq.